Theluji inatoka kijivu, vivuli bluu, na sura ya mama haionekani: kosa ni la kamera, la mwanga au la kuediti?

#1 BintiKibosho
Habari wakuu. Mama yangu amekuja kunitembelea hapa Bern, Uswisi, akitokea Moshi, mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi. Jumamosi nikampeleka Zermatt, tukapanda treni ya meno hadi Gornergrat, mita 3,089. Mbingu safi, wingu hakuna, mlima Matterhorn umesimama mbele yetu peke yake. Baridi nyuzi 14 chini ya sifuri. Mama akajifunga kitenge juu ya koti, akasogea kwenye ukingo, akaniambia: "Haya, nipige na huu mlima wao."

Nimepiga picha 212. Usiku nikafungua kompyuta, nikataka kulia. Theluji ambayo kwa macho ilikuwa inachoma kwa weupe imekuwa kama majivu ya jikoni. Vivuli vyote ni bluu, na si bluu ya mbali, bluu ya wino. Na mama, kila picha aliyosimama na mlima nyuma yake, uso hauonekani. Kuna koti, kuna kitenge, na hapo juu kuna giza lenye umbo la kichwa. Nikivuta mwangaza hadi uso utokee, mlima unakwisha, inabaki karatasi nyeupe.

Kamera ni ya kubadilisha lenzi, lenzi ya milimita 24, filta ya polaraiza mbele (ile ya kukoleza anga na kupunguza mng'ao), nimeweka f/8 (upana wa tundu la lenzi) na mengine nimeiachia kamera. Nimehifadhi RAW (faili ghafi la kamera) na JPEG. Naediti kwa darktable kwa kuwa ni ya bure. Mama anaondoka tarehe 20 na nataka aondoke na picha moja kubwa ya kutundika sebuleni. Nisaidieni, kosa liko wapi?

#2 FundiLenzi
Pole dada. Mimi napiga harusi hapa Dar, na tatizo lako nalijua kwa jina lingine: shela. Bibi harusi akisimama kwenye ukuta mweupe na shela jeupe, kamera inafanya hivyo hivyo.

Kamera haijui kama inaangalia theluji, shela au unga wa sembe. Kipimo chake cha mwanga kimefundishwa kwamba dunia kwa wastani ni kijivu, kile cha asilimia 18. Theluji mpya inarudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga. Hesabu mwenyewe: 18 mara mbili ni 36, hiyo ni stopu moja (kila stopu ni mwanga mara mbili). 36 mara mbili ni 72, stopu ya pili, na bado hujaifikia theluji. Kamera ikiona weupe wote ule inasema "mwanga umezidi", inashusha mpaka theluji iwe kijivu. Dawa yake ni kuongeza mwangaza kwa makusudi, +1 hadi +2, pale pale mlimani. Kosa ni la kipimo, na kwa kuwa una RAW bado unaweza kuliokoa.

#3 Nyeri_Kwetu
Wadau salama? Toa hiyo polaraiza kwanza. Lenzi pana ya 24 na polaraiza haziishi nyumba moja, anga linatoka na doa jeusi upande mmoja. Na huko juu anga lenyewe tayari ni zito, ukiongeza filta linakuwa karibu jeusi. Nimefanya kosa hilo Point Lenana, Mlima Kenya, mita 4,985, nikarudi na picha ambazo mchana ulionekana kama saa moja jioni.

#4 Mpwani_Tromso
FundiLenzi uko sawa kwa kijivu, ila bluu hujaigusa. Hizo ni habari mbili tofauti na watu wanazichanganya kila siku.

Nipo Tromsø, kaskazini mwa Norwe, mwaka wa tisa. Hapa jua halichomozi kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, kwa hiyo bluu naifahamu kama mvuvi anavyoifahamu maji kujaa na maji kupwa. Theluji haina rangi yake, inapokea chochote inachomwagiwa. Palipopigwa na jua inapokea jua. Palipo na kivuli, jua halifiki, kinachofika ni mwanga wa anga peke yake, na anga ni bluu. Kivuli cha theluji ni bluu kweli. Macho yako ukiwa pale yanajirekebisha, ubongo unakwambia "theluji ni nyeupe", unaamini. Kamera haina huruma hiyo. Kwa hiyo bluu si kosa, ni ushahidi. Usiifute.

#5 Mgumu_Marangu
Mimi ni mgumu, nabeba mizigo Kilimanjaro miaka kumi na moja sasa, na picha za wageni napiga mimi. Naona mnasahau mwinuko. Juu kule kuna ile miale ya jua isiyoonekana, ndiyo inayounguza midomo na pua. Inaingia kwenye kamera inaleta ukungu wa bluu. Wageni wengi huja na filta ya kuzuia hiyo miale.

#6 MzeeChumbaGiza
Mgumu, ulichosema kilikuwa kweli wakati wa filamu. Filamu ilikuwa inaiona miale hiyo, na ndiyo maana tulifunga filta. Kamera za kidijitali zina kioo mbele ya kihisi (kile kinachopokea mwanga), na kioo hicho kinaizuia miale hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo filta siku hizi inalinda lenzi isikwaruzwe, basi. Midomo kuungua ni kweli tupu, endelea kuwapaka wageni mafuta.

Binti, nipe namba za picha moja aliyosimama mama. Kasi ya shata na ISO (wepesi wa kihisi kuona mwanga). Na saa.

#7 BintiKibosho
Shikamoo mzee. Picha ya 87: f/8, 1/1000, ISO 100. Saa tisa na dakika tano alasiri. Tulichelewa kwa sababu mama alitaka kwanza kutembea Zermatt, alipenda kwamba mji hauna magari ya petroli.

#8 MzeeChumbaGiza
Marahaba. Sasa sikiliza.

Ndani ya boksi la filamu kulikuwa na kikaratasi cha maelekezo. Jua kali: f/16, na kasi iwe sawa na namba ya filamu. Jua kali juu ya theluji au mchanga mweupe: f/22. Hatukuwa na kipimo cha mwanga, tulikuwa na kikaratasi. ISO 100 kwa f/22 ni 1/100 ya sekunde. Ukifungua hadi f/8 hizo ni stopu tatu, unapata 1/800. Lakini una polaraiza, ambayo inakula kama stopu moja na nusu, kwa hiyo ulipaswa kuwa karibu na 1/300. Umepiga 1/1000. Uko chini karibu stopu mbili, kama FundiLenzi alivyosema, bila mimi kuiona picha.

La pili ni saa. Ukiwa Gornergrat unatazama Matterhorn upande wa magharibi. Uso wa mlima unaokutazama ni ule wa mashariki. Saa tisa alasiri mwezi wa kwanza, jua limeshazunguka kusini-magharibi, uso huo umeingia kivulini. Mlima wako wote ulikuwa kivuli. Halafu mama akakutazama wewe, maana yake alilipa jua mgongo. Kwa saa ile, picha 212 zote zilikuwa zimeshaamuliwa kabla hujatoa kamera kwenye begi.

#9 Mtazamaji_Tu
Nimesoma uzi huu niko Tabora, nyuzi 33, feni imekufa. Endeleeni wakuu, kila posti inanipoza.

#10 RangiSahihi
Nachapisha picha, Nairobi. Marekebisho madogo kwa #2: kadi ya kijivu ndiyo ya asilimia 18, lakini vipimo vya ndani ya kamera vingi vimepangwa karibu na 12 au 13. Na kamera za leo hazipimi kwa wastani tu, zinagawanya picha vipande vingi, zinatambua mandhari, na nyingi zinashusha mwangaza makusudi ili weupe usiungue. Kwa hiyo huenda kamera ya dada haikudanganyika. Ilichagua.

Swali langu kwake: uliediti usiku. Kompyuta yako ina ile hali ya usiku inayofanya skrini iwe ya njano?

#11 FundiLenzi
RangiSahihi, hata ikiwa 12, hoja yangu inapata nguvu zaidi, haipungui. Umbali kutoka 12 hadi 90 ni mrefu kuliko kutoka 18.

Kwamba kamera "ilichagua" sikubali. Kulinda weupe ni kuushusha kidogo. Stopu mbili ni kuupoteza.

#12 BintiKibosho
RangiSahihi, umenishika. Ndiyo, inajiwasha yenyewe saa moja jioni. Nimeizima sasa hivi. Theluji imetulia kidogo, ila vivuli bado bluu, na zile JPEG ambazo sijazigusa kabisa nazo ni bluu hata kwenye simu.

Mzee, asante sana. Sikuwahi kufikiria mlima una mbele na nyuma.

#13 RangiSahihi
Basi kuna tabaka mbili. Bluu ya kweli aliyosema Mpwani, na juu yake bluu uliyoiongeza wewe mwenyewe ukipambana na unjano wa skrini. Nimeona wateja wanaleta picha za hivyo, ukizichapisha watu wana rangi ya maiti.

#14 Mpwani_Tromso
Kabla hatujaendelea, mwenye kwenda kwenye baridi asikie hili. Mfuko wa plastiki. Ukitoka nje nyuzi 14 chini ya sifuri ukaingia moja kwa moja mgahawani kunywa chai, mvuke wa ndani unagandia kamera, nje na ndani ya lenzi. Ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, ingia nayo, iache saa moja au mbili ipate joto ikiwa imefungwa. Maji yatakaa juu ya plastiki. Kadi ya memori itoe kabla ya kufunga, usije ukakosa subira ukafungua mfuko.

#15 Mgumu_Marangu
Na betri. Usiku wa kilele tunaondoka Kibo Hut saa sita usiku, ikifika saa kumi na moja karibu na Gilman's Point baridi inapita zile za dada. Mgeni anatoa simu yenye asilimia 60, inazima mkononi mwake. Simu nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi 0 hadi 35. Betri haijaisha, imeganda utendaji wake, ikipata joto inarudi. Mimi betri za wageni nazilaza kwapani, ndani ya nguo ya kwanza kabisa. Mwaka juzi mama mmoja alilia pale Uhuru Peak, mita 5,895, simu imekufa. Nikamwambia subiri. Dakika saba kwapani kwangu, ikawaka, akapata picha nne, ikazima tena. Alinikumbatia, barafu ya kwenye nyusi zake ikanidondokea shingoni.

#16 Nyeri_Kwetu
Mgumu, hizo picha nne umezilipia jasho kihalali kabisa!

#17 MwanaBeni
Jambo bandugu. Mimi niko Beni, Kongo. Asubuhi moja moja, mvua ikisafisha hewa, tunaona Rwenzori na weupe wake upande wa mashariki. Nimesoma jina la Matterhorn nikakumbuka kitu. Kuna Muitaliano, Vittorio Sella, aliyepanda Matterhorn wakati wa baridi mwaka 1882, wa kwanza kufanya hivyo katika majira hayo. Huyo huyo mwaka 1906 alikuja Rwenzori na msafara wa Duke wa Abruzzi, waliofika kilele cha Margherita, mita 5,109. Alipiga foto kwa mabamba ya kioo. Foto zake ndizo watu wanazichukua leo kulinganisha barafu ya wakati ule na ya sasa. Mzee, bamba la kioo lilifanya nini na theluji?

#18 MzeeChumbaGiza
MwanaBeni, umenifurahisha. Mabamba ya zamani yalikuwa yanaona bluu kupita kiasi na nyekundu karibu hayaioni kabisa. Kwa hiyo anga la bluu lilitoka jeupe, sawa na theluji, na ukingo wa mlima ukayeyuka humo. Filta ya njano ilisaidia, na mabamba yaliyoboreshwa yakasaidia zaidi. Baadaye ikaja filamu inayoona rangi zote, na hapo mtu akaweza kuamua. Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams mwaka 1927 kule Yosemite alipiga jabali la Half Dome akaweka filta nyekundu, anga likashuka likawa karibu jeusi na theluji ikang'aa juu yake. Anga lile halikuwa jeusi. Alitaka picha ioneshe alivyousikia mlima.

Nayasema haya kwa sababu ya #4. Mpwani anasema bluu ni ushahidi. Mimi nimekaa chumba cha giza miaka 26, na sijawahi kuchapisha picha bila kuitia mkono: hapa naziba mwanga kwa kipande cha kadibodi, pale naongeza. Kuediti ni kazi ile ile, kadibodi tu ndiyo imekufa.

#19 Mpwani_Tromso
Mzee, sikatai mkono. Nakataa mkono unaofuta saa. Bluu inamwambia mtazamaji kwamba ilikuwa alasiri na mlima umeingia kivulini. Ukipasha joto vivuli hadi viwe vyeupe, umemwambia ilikuwa saa sita mchana. Na kuna adhabu: ukivuta ile namba ya joto la rangi kutoka 5,500 hadi 8,000 au 9,000 ili kivuli kiwe cheupe, theluji iliyoko juani inageuka rangi ya samli.

#20 FundiLenzi
Ndiyo maana kuna barakoa kwenye programu. Huvuti picha nzima. Unachagua vivuli peke yake, unapunguza nguvu ya bluu, si kuiua, nusu tu. Theluji ya juani unaiacha ilivyo.

BintiKibosho, nifuate. Fungua RAW, achana na JPEG. JPEG ina ngazi 256 tu za mwangaza kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina 16,384. Hapo ndipo uso wa mama umejificha. Pandisha mwangaza wa picha nzima +1.7, uangalie histogramu, ule mchoro wa mgawanyo wa mwanga: kilima chake cha upande wa kulia kisigonge ukuta. Halafu chora barakoa juu ya uso na mikono ya mama tu, ongeza stopu moja hapo, lainisha ukingo wa barakoa ufifie taratibu. Mwisho mizani ya weupe, ile inayoamua nyeupe ionekane nyeupe. Usiguse kile kitufe cha kuondoa ukungu, kinatia bluu zaidi.

#21 BintiKibosho
Nimefanya. Mikono inatetemeka nikiandika. Uso umetoka! Naona mpaka ile alama yake ya shavuni. Lakini kwenye kivuli cha kidevu kuna chembechembe nyingi, na ngozi yake imekuwa na rangi fulani ya zambarau, si rangi yake. Mama ni mweusi wa kahawa iliyokolea, ana wekundu kwa ndani. Hapa anaonekana kama mtu mwenye homa.

#22 Nyeri_Kwetu
Hiyo zambarau ni bluu ya anga iliyompiga usoni, jua likiwa mgongoni. Na yeye alikuwa kivulini, ujue. Theluji imemrudishia bluu kutoka chini pia.

#23 RangiSahihi
Au ni kelele ya kihisi, zile chembechembe zinazozuka gizani. Ukivuta giza stopu tatu kwa jumla, rangi zinaanza kupotea njia, na mara nyingi zinaelekea zambarau. Usikimbilie kulaumu anga.

#24 Mpwani_Tromso
Au vyote viwili.

Ila niseme jambo ambalo limenikaa moyoni miaka tisa. Maelezo mengi ya kupiga picha kwenye theluji niliyoyasoma huku yameandikwa na watu wanaopigana picha wao kwa wao, sura nyeupe kwenye theluji nyeupe. Wakisema +1 inatosha, kwao inatosha. Kwetu umbali kati ya uso na theluji ni mkubwa zaidi, na kamera ikilazimika kuchagua inachagua theluji. Mwaka wangu wa kwanza nilituma picha Lamu, nyanya akanipigia simu akauliza: "Wewe uko wapi humu?" Tangu siku hiyo napima mwanga kwenye uso kwanza, mlima baadaye. Mlima haupigi simu.

Na theluji inaweza kukusaidia. Mgeuze mtu alitazame jua, au jua limpige ubavu, theluji ya chini inamrudishia mwanga usoni kama shuka jeupe la studio. Nyuso zetu zinawaka vizuri mno hapo, hasa paji na mashavu. Tatizo lako lilikuwa saa na upande, binti, kama mzee alivyosema.

#25 Mtazamaji_Tu
Hapa kwa #24 nimesimama. Naomba kila mpiga picha wa harusi asome hii, hata asiyewahi kuona theluji.

#26 Mgumu_Marangu
Nirudi kwenye kuediti maana limenigusa. Wageni wanakuja Marangu na picha kwenye simu: Kibo nyeupe mpaka kiunoni, tembo mbele. Wakifika wananiuliza theluji iko wapi, kana kwamba sisi tumeihamisha. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 ilikuwa imepotea kufikia mwaka 2000, na tangu hapo inazidi kukatika. Mimi mwenyewe kuna kuta za barafu nilizozipita mwaka wangu wa kwanza ambazo sasa ni mchanga na mawe. Mtu akiongeza theluji kwa kompyuta ili kalenda ipendeze, anatuongopea na anauficha msiba. Kwa hiyo kwenye hili niko na Mpwani. Rangi rekebisha, kitu usiongeze.

#27 Nyeri_Kwetu
Naunga mkono. Kwetu barafu ya Lewis chini ya Lenana inazidi kusinyaa. Lakini haki itendeke: baada ya mvua kunyesha theluji mpya inashuka chini sana kwa siku chache, na picha inakuwa kweli. Si kila Kibo nyeupe ni ya kubandikwa.

#28 Mgumu_Marangu
Hilo ni kweli. Mwezi wa tano mwishoni au wa sita, masika yakiisha, asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Kibo unavaa kanzu. Saa tatu mawingu yameshaufunika. Mwenye kuutaka alale mapema.

#29 MwanaBeni
Dada, na mama mwenyewe anasema nini? Yeye ndiye alikuwa ndani ya foto.

#30 BintiKibosho
MwanaBeni, nimemwonesha jana usiku, tatu kwa pamoja kwenye skrini. Ya kwanza bila kugusa, ya pili ya FundiLenzi yenye vivuli vilivyopunguzwa bluu, ya tatu niliyoacha bluu yote alivyosema Mpwani lakini uso nimeutoa.

Akavaa miwani akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema theluji ya picha ya pili inafanana na Kibo ukiutazama kutoka shambani kwetu Kibosho alipokuwa msichana, saa nne asubuhi. Akasema ya tatu inafanana na baridi aliyoisikia siku ile kwenye vidole. Halafu akagusa skrini kwa kidole, pale kwenye kitenge: "Lakini hiki si kitenge changu. Changu njano yake ni ya embe dodo lililoiva. Hii ni ya ndimu."

#31 RangiSahihi
Mama ana jicho! Na amekupa ufunguo. Kitenge kiko hapo nyumbani? Kichukue mchana, kitandaze mezani karibu na dirisha, kaa nacho pembeni ya skrini, hali ya usiku ikiwa imezimwa. Vuta mizani ya weupe mpaka njano ya kwenye picha ilingane na njano ya kwenye kitambaa. Huhitaji kadi ya kijivu, una kitambaa kizima chenye rangi unayoijua.

#32 MzeeChumbaGiza
Angalia tu, kitenge kilikuwa kivulini kama uso. Ukisawazisha kwa kitenge, umesawazisha kivuli. Theluji iliyoko juani itakwenda kwenye samli ya Mpwani.

#33 RangiSahihi
Ndani ya barakoa ya mama tu, mzee. Uso na kitenge viko kwenye mwanga mmoja, basi vipate dawa moja.

#34 Mpwani_Tromso
Halafu mama awe kwenye joto la saa nne asubuhi na mlima wa nyuma uwe kwenye bluu ya saa tisa alasiri? Ataonekana amekatwa na mkasi akabandikwa.

#35 FundiLenzi
Nusu kwa nusu. Ndiyo kazi yenyewe.

#36 MzeeChumbaGiza
Au arudi huko juu. Tarehe 20 bado.

#37 BintiKibosho
Wakuu, nimejaribu kitenge mezani. Njano imekubali, na zambarau ya usoni imepungua sana, kwa hiyo sijui nimpe haki Nyeri_Kwetu au RangiSahihi, maana chembechembe zimebaki pale pale. Mpwani naye namwelewa, ukitazama kwa mbali mama na mlima hawako siku moja.

Nimeongea na mama. Alhamisi tunalala Täsch, ni nafuu kuliko Zermatt, na Ijumaa tunapanda treni ya kwanza. Mwanga wa asubuhi utakuwa usoni kwa mlima na usoni kwa mama. Polaraiza naiacha nyumbani. Nitapima uso kwanza. Betri mbili ziko ndani ya soksi, na soksi itakuwa ndani ya koti. Mfuko wa plastiki nimenunua.

Mama ameuliza kama avae kitenge kingine, kile cha kijani, kwa kuwa hiki ameshapigiwa. Nimemwambia avae hiki hiki. Anakipiga pasi sasa hivi.